Re: Homuweki za darasa la nne, tunarudi Dodoma Januari

Habari zenu ndugu. Tunafunga virago baada ya miaka 9 hapa Columbus, Marekani. Kijana wetu ataingia darasa la nne. Huku homuweki haizidi dakika 40, na mwalimu anataka afanye mwenyewe. Dodoma hali ikoje?
Baba Junior

---

Baba Junior, karibuni, vumbi linawasubiri.

Hizo dakika 40 zinatokana na ile kanuni ya Marekani ya dakika 10 mara darasa alilopo mtoto, inayoungwa mkono na chama cha walimu, NEA. Hapa hakuna anayeshika saa. Na mmeangukia mwaka mgumu: darasa la nne wana upimaji wa NECTA, baraza la mitihani la taifa, kwa hiyo shule nyingi za kulipia zinakaza kamba mapema. Wangu anashuka basi la shule hapa Kisasa saa 11 na nusu jioni, soksi nyekundu kwa vumbi, na hesabu 20 mkobani. Aoge, ale, umeme nao ukatike. Saa 3 anasinzia juu ya daftari.

Hapo ndipo nilipoharibu. Muhula wetu wa kwanza nilimwonea huruma, nikawa namalizia hesabu za kugawanya. Nikaiga mwandiko wake, hadi saba zake zilizolala. Daftari likarudi na vyema tupu, na chini kwa wino mwekundu: "Hongera mama." Nikaitwa shule. Mwalimu hakugomba. Alimpa mwanangu chaki, akakwama swali la pili, nami nimekaa kwenye kidawati natazama.

Siku hizi ikifika saa 3 anaandika mwenyewe ameishia wapi, mimi natia sahihi chini yake. Mwalimu alikubali; ukienda kistaarabu wanaelewa. Akisahau daftari nyumbani, shauri yake. Sitoki kazini Mtumba kumpelekea.

Mlima wenyewe ni Kiswahili. Wingi wa "ukuta" wangu aliandika "maukuta"! Hiyo nimemwachia bibi yake. Jumamosi akichambua mlenda anamuuliza wingi wa kila kilichomo jikoni.

Madaftari na karatasi za kujaladia msibebe, sokoni Majengo zimejaa.
Mama Wawili

---

Ahsante dada. Nimemsomea mke wangu hiyo "Hongera mama". Amecheka, halafu akanyamaza ghafla. Naona kuna daftari humu ndani inabidi niliangalie.
Baba Junior