Nailoni inachomoka kwenye ndoana kambale akivuta

Kijana wa Hombolo:
Wakuu, habari za jioni. Mishipi ya bwawani naunda mwenyewe: nailoni, nati kuukuu ndiyo chubwi (uzito wa kuzamisha), ndoana ya tundu. Perege wanatoka vizuri, ila kambale akikaza tu, nailoni inarudi tupu, ncha imejikunja kama mkia wa nguruwe. Nifunge vipi?

Mzee wa Mtera:
Ncha ikijikunja hivyo, fundo limeteleza, halikukatika. Kunja nailoni iwe mbili, pitisha mkunjo tunduni, piga fundo la kawaida bila kukaza, kisha vusha ndoana nzima ndani ya kitanzi cha ule mkunjo. Lowesha kwa mate ndipo uvute taratibu. Mate usiyadharau kijana, nailoni kavu ikisuguana hupata joto ikadhoofika. Na ukikata ncha, bakiza kidogo.

Binti Mpwapwa:
Shikamoo mzee. Tundu likiwa dogo mkunjo haupiti!

Mzee wa Mtera:
Marahaba. Basi pitisha uzi mmoja, uzungushe kwenye nailoni kuu mara 5 au 6, ingiza ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Mate tena, kaza.

Kijana wa Hombolo:
Nimefunga la kwanza, nimelivuta kwa koleo, limegoma kutoka. Ahsante mzee.