Mjadala: Wakiomba damu ya mwanao kwa utafiti wa vinasaba, utasaini?

Nkwabi wa Igoma
Wakuu habari za jioni. Mwanangu ana selimundu, jana nilimpeleka kliniki hapa Mwanza (hospitali siitaji). Akaja dada na fomu ya ridhaa, anaomba damu kidogo ya utafiti wa vinasaba. Wanataka kujua kwa nini watoto wawili wana ugonjwa uleule, mmoja kila mara yuko wodini, mwingine anacheza mpira. Hapo nilimwelewa. Kilichonikwamisha ni mstari wa chini kabisa: damu itatunzwa kwa ajili ya "tafiti za baadaye" na inaweza kupelekwa maabara ya nje. Tafiti gani? Za nani? Dada ananijibu "ni utaratibu tu baba". Nikamrudishia fomu yake. Nyie mngesaini?

Sangara Mkavu
Umefanya la maana sana. Yule mama mweusi wa Marekani, Henrietta Lacks, walichukua chembe zake 1951 bila kumuuliza, watu wakatengeneza hela hadi leo. Familia imekuja kupatana na kampuni moja 2023, bibi wa watu kashakuwa udongo. Na hao wana mawakili. Wewe wa Igoma utamshtaki nani?

Fundi Maabara
Tusitishane. Sampuli haitoki nchini kienyeji, kuna kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Muulize aliyekuletea fomu akuonyeshe kibali, ni haki yako, na unaweza kujitoa wakati wowote. Shida ya kanda yetu siyo wazungu, shida ni watu kukwepa vipimo halafu wanakimbilia kwa mganga. Selimundu inarithiwa kwa wazazi wote wawili. Mtoto akiwa SS (karithi mundu pande zote mbili, ndiye mgonjwa) na baba kapimwa AA (hana mundu kabisa), hapo hakuna utafiti tena, baba akamtafute mwenzie.

Mama Kulwa
Wewe Fundi ukome! Watu wanaongelea watoto wagonjwa unaleta mambo ya kumtafuta mwenzie. Nina mtoto wa selimundu, mkwe wangu alinisimamia ukumbini mbele za watu akasema "upande wetu hatuna hiyo kitu". Mwanae, yaani mume wangu, alipopimwa akakutwa AS, mbebaji, ana mundu upande mmoja. Hakuna aliyerudi kuniomba radhi mpaka kesho.

Dagaa wa Mwaloni
Ngoja kwanza. Fundi, hapo kwenye AA hebu rudia taratibu. Mdogo wangu kapimwa akaambiwa yuko vizuri. Mtoto wake wa pili ana selimundu.

Sangara Mkavu
Hahaha kimeumana. Ndiyo maana nasema damu msipeleke. Unaenda kutafuta dawa unarudi na talaka.

Fundi Maabara
Dagaa, "yuko vizuri" kwa kipimo kipi? AS naye yuko vizuri, anavuta nyavu usiku kucha bila kujua kabeba nini. Huku Kanda ya Ziwa karibu mtu mmoja kati ya watano ni AS. Aende akafanye elektroforesisi, ndiyo inayoonyesha AA, AS na SS. Kile kipimo cha haraka cha siklingi kinasema mundu ipo au haipo, basi, hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Halafu kama aliongezewa damu juzi juzi majibu yanaweza kudanganya.

Mzee wa Bwiru
Wanangu, mnagombania ndoa za watu. Kuna mtafiti anaitwa Allison, 1956 alichapisha vipimo vya damu vya watu wa Musoma hapo jirani. Vichanga wenye SS walikuwepo, watu wazima wenye SS ni wa kutafuta kwa tochi. Walikuwa wanakwenda wapi? Sisi tulikuwa tunazika tunasema ni mchango, ni jicho. Na ni huyohuyo aliyeonyesha kwamba AS anapata kinga fulani ya malaria, ndiyo maana huku kwenye mbu wamejaa. Sasa bila damu ya watu wa Musoma tungejulia wapi?

Sangara Mkavu
Shikamoo mzee. Na hao wa Musoma walipata nini? Miaka sabini hiyo! Dawa ya kuhariri vinasaba imetoka mwisho wa 2023, inaitwa Casgevy, Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Za madafu ni zaidi ya bilioni tano. Nkwabi auze Igoma yote.

Binti Ukerewe
Sangara bei umesema kweli ila umeruka kipande. Casgevy imetokana na kugundua jeni inayozima himoglobini ya kichanga (himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu). Wanachota chembe mama za mgonjwa, zile zinazozaa damu, wanavuruga hiyo swichi, wanazirudisha, mwili unatengeneza himoglobini ya utotoni ambayo haipindishi chembe za damu kuwa mundu. Haidroksiyurea ya vidonge nayo inapandisha himoglobini hiyohiyo, na hiyo ipo na watoto wanaimeza. Muhimbili wamechunguza vinasaba vya wagonjwa wetu wenyewe kuhusu jambo hilohilo. Nyingine: dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) kwa kuzuia PCSK9, protini inayoifanya ibaki juu kwenye damu, zilisukumwa na badiliko la jeni lililoonekana kwa Wamarekani weusi ambao lehemu yao iko chini tangu kuzaliwa. Dawa zimetoka 2015, waulizeni wazee wa presha huku nani anazo. Kwa hiyo suala siyo asaini au asisaini, suala ni nani anakaa mezani kudai bei KABLA damu haijaondoka.

Dagaa wa Mwaloni
Asante dada, umesoma. Ila Fundi hujanimalizia. Mdogo wangu hajawahi kuongezewa damu.

Mama Kulwa
Dagaa, mkewe je, kapimwa?

Dagaa wa Mwaloni
Alipimwa tangu ujauzito. AS.

Mama Kulwa
Kumbe! Mwenye majibu mkononi ndiye mnayemshuku, asiye na majibu ndiye mnamtetea.

Dagaa wa Mwaloni
Mama simshuku mtu, shemeji yangu namheshimu. Nauliza tu.

Mzee wa Bwiru
Unauliza kwa niaba ya mdogo wako mbele ya watu wote hawa, na yeye mwenyewe hajakutuma.

Sangara Mkavu
Mzee kamaliza. Na Binti Ukerewe, hiyo meza ya kudai bei nitajie aliyekaa. Mmoja tu.

Binti Ukerewe
Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uboho kwa watoto wa selimundu tangu 2023. Siyo Casgevy, lakini ni hapa nchini na ni mikono yetu. Anza na hilo.

Sangara Mkavu
Nimeuliza bei umenijibu Dodoma.

Dagaa wa Mwaloni
Fundi, hiyo elektro-nini shilingi ngapi? Na majibu wanampa nani, yeye au wanamuita na mkewe?

Fundi Maabara
Majibu ni ya kwake peke yake. Njoo inboksi.

Sangara Mkavu
Mnawaona wanavyoanza? Leo inboksi, kesho fomu.