Tupeane uzoefu: betri iliyokulaza porini, na uliyoiweka badala yake

Korongo_Bovu (Arusha)
Wakuu, salaam. Nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya kubebea wageni. Wiki mbili zilizopita nilikwama Engare Sero, chini ya Oldoinyo Lengai, na si kwa kupenda. Alfajiri nageuza ufunguo, nasikia "tik" moja, kimya. Wageni wameshakunywa chai, wananitazama tu. Tulikaa hadi saa nne, wenzetu wa gari jingine walipopita wakatubusti.

Betri ilikuwa na miezi 9. Niliinunua kwa kuangalia namba ya CCA (ampea za kuwashia gari kwenye baridi) peke yake, nikachukua kubwa kuliko zote dukani. Kumbe namba ile hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri! Mto wa Mbu baridi hiyo naitoa wapi? Fundi kaipima, seli moja imekufa. Akaniuliza chuma cha kuikandamiza kiko wapi. Nikaona aibu. Kilipotea zamani, nilikuwa nimeifunga kwa mpira wa tyubu. Njia ya Ziwa Natron unaijua: betri ilikuwa inacheza ngoma humo ndani, unga wa bamba za ndani ukapukutika na kurundikana chini mpaka ukaziunganisha bamba.

Nataka nyingine na sitaki kurudia kosa. Yako ilikufaje, na uliweka ipi?

FundiWaya (Morogoro)
Pole mkuu. Mimi naomba watu wapime kabla ya kununua. Nilipata mteja wa Ifakara, Defender, kabadilisha betri tatu kwa mwaka na kila muuza betri alimpokea kwa tabasamu. Betri zote tatu zilikuwa nzima! Ubovu ulikuwa waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme, kati ya injini na chesisi. Tope la Kilombero limeula, nje unaonekana mzima, ndani kijani kitupu.

Mita ya bei rahisi inatosha. Gari iliyolala usiku kucha isome kama volti 12.6, ikisoma 12.0 imebaki robo. Ukiwasha, iwe kati ya 13.8 na 14.4. Haifiki hapo? Anza na mkanda na altaneta (inayochaji betri), pesa ya betri iache mfukoni kwanza. Kisha shika nguzo hasi ya betri kwa waya mmoja wa mita na chuma cha injini kwa mwingine, mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, shughulika na ethi.

Halafu yule fundi anayechomoa betri injini ikinguruma "apime altaneta", mfukuze. Kwenye gari za zamani ulikuwa unapona. Kwenye hizi za kompyuta, volti zinaruka na unanunua kontrolboksi.

Mama_Chanjo (Dodoma)
Wenzangu mnazungumzia kuwasha gari, mimi shida yangu ilikuwa friji. Natembeza chanjo za mifugo vijijini kwa Hilux. Friji ndogo nyuma inakula kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi, na kwenye joto letu haipumziki sana. Chukua nusu ya muda tu: usiku mzima wenye masaa 12 ni ampea-saa 24. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 70. Nikilala kijijini siku mbili bila kuendesha, asubuhi ya tatu nawaita vijana wasukume.

Nilinunua mpya, ikafa. Nikanunua nyingine ya bei zaidi, ikafa vilevile. Ndipo kaka mmoja wa umeme jua akanieleza: betri ya gari imeumbwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe upesi. Ukiinyonya polepole hadi chini, kila mara inapungua uwezo. Sasa nina mbili: ya stata haiguswi na friji kabisa, na ya pili, ya kunyonywa taratibu, iko nyuma kwenye boksi lake. Katikati kuna rilei inayoziunganisha gari likishachaji na kuzitenganisha likizimwa. Fyuzi iko karibu kabisa na betri. Hilo msilipuuze, waya wa kwenda nyuma ni mrefu na unasuguana na bodi. Tangu hapo sijasukumwa.

Bin_Wahiba (Maskati)
Assalaam aleikum. Huku kinachoua ni joto. Kiangazi linapita nyuzi 45 nje, chini ya boneti usiulize. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, kuoza kwa ndani kunakwenda karibu mara mbili. Betri ikimaliza miaka miwili kwenye Patrol yangu ya kwenda mchangani, naishukuru. Nasoma tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Iliyokaa dukani mwaka mzima, mwenye duka abaki nayo.

Chalbi_Lazima (Nairobi)
Mimi nilinunua ndefu kwenda juu kuliko ile ya zamani, sentimita mbili hivi. Boneti ikafunga vizuri mtaani. Tukifika mawe ya kuelekea Loiyangalani, boneti ikawa inashuka na kupanda, nguzo chanya ikaigusa. Cheche, moshi, mke wangu nje na maji ya kunywa! Mtu apime na rula jameni, na kifuniko cha nguzo kisitupwe.

Kijana_Lithiamu
Mnateseka bure. Wekeni lithiamu, nyepesi, mnainyonya sana haijali.

FundiWaya (Morogoro)
Nyuma kwa ajili ya friji, sawa. Ukiiweka kando ya injini ya moto utanitafuta. Na inavuta chaji nyingi mno. Altaneta ya zamani inachemka ikiunganishwa moja kwa moja.

Babu_24V (Moshi)
Vijana, gari yangu ni ya volti 24, betri mbili mfululizo. Mtu wa redio alichukua volti 12 kutoka betri moja. Nikawa nabadilisha ile moja kila mara, nikimlaumu muuzaji. Kumbe redio inaipunguza moja, altaneta inaona jumla tu, basi ile nyingine inajazwa kupita kiasi hadi maji yakauke. Nilinunua mbili za aina moja, siku moja, na kigeuza volti cha redio. Mwaka wa nne huu.

Korongo_Bovu (Arusha)
Shikamoo babu, na asanteni wote. Mrejesho: ethi yangu ilisoma volti 0.8! Nimeweka waya mpya. Betri nimechukua ya saizi 95D31, maana trei yangu ni ya D31, hiyo 31 ikiwa urefu kwa sentimita. Nusura nibebe yenye L wakati yangu ni R, nguzo zingekuwa upande usiofikiwa na waya. Chuma cha kuikandamiza kimechomelewa jana, chini nimetandika mpira mnene. Ijumaa napanda tena Natron. Mpira wa tyubu nimempa mwanangu atengenezee manati.