Ulinganisho: Sri Vidya, Trika ya Kashmir au japa ya jina, ipi kwa anayetafuta moksha?

Mpekuzi_Tanga
Habari za leo wakuu. Nimesoma falsafa ya Wahindu kwa muda sasa na nataka kuanza kutenda. Sitafuti dawa ya msongo wa mawazo wala usingizi mzuri. Natafuta moksha, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kila ninapopekua nakutana na njia tatu: Sri Vidya, ibada ya mungu wa kike Mama Lalita Tripurasundari, yenye mantra (maneno matakatifu ya kurudiwa) ya silabi 15 na mchoro mtakatifu wa Sri Chakra, Trika, yaani Ushaiva (dini ya wanaomwabudu Shiva) wa Kashmir wa wanafalsafa akina Abhinavagupta, na japa ya jina peke yake, yaani kurudiarudia jina la Mungu, kama Hare Krishna au Namah Shivaya. Mliozipitia, nilinganishieni. Ipi inamfaa mtu anayeshinda kazini, asiye na guru (mwalimu wa kiroho) karibu, na anayeishi mbali na India?

Mkaazi_Pune
Karibu sana ndugu. Nilikuja India kwa masomo nikabaki kwa kazi, na haya mambo nimeyakalia chini ya walimu.

Kabla ya kulinganisha mantra, linganisha mwisho wa safari, kwa sababu njia hizo hazifiki mahali pamoja. Trika inasema wewe ni Shiva, yaani Mungu mwenyewe, tangu mwanzo. Kinachokuzuia ni mifuniko mitatu, na mzito kuliko yote ni ile hisia ya kujiona mdogo, umepungukiwa na kitu. Ukombozi kwao ni kujitambua, na unaupata ungali hai, unakula na kwenda kazini. Sri Vidya iko karibu sana na hapo, ila anayekuvusha ni Shakti mwenyewe, yaani Mungu kama Mama na nguvu, kwa ibada yenye mpangilio mkubwa.

Sasa njoo kwa Hare Krishna. Wale ni watoto wa kiroho wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal (1486–1534), na hawataki kabisa kuyeyuka ndani ya Mungu. Wanataka kumpenda na kumtumikia Krishna milele, na ile moksha ya kuyeyuka wanaiona ndogo. Wa Shaiva Siddhanta, mapokeo mengine ya kumwabudu Shiva kule Tamil Nadu, ambao Namah Shivaya ndiyo moyo wao, husema roho inaungana na Shiva lakini haiwi Shiva. Kwa hiyo hiyo njia yako ya tatu ni njia mbili, tena hazifanani. Jiulize kwanza unataka kuungana, kujitambua, au kupenda. Hilo likikaa sawa, nusu ya swali lako imekwisha.

Binti_Bindu
Nitasemea Sri Vidya kwa sababu ndiyo ninayoiishi. Kaka Mpekuzi, haianzi na zile silabi 15. Kwa kawaida guru hukupa kwanza mantra ya Ganapati, mungu mwenye kichwa cha tembo, kisha ya Bala, yaani Devi (Mungu Mama) akiwa msichana mdogo, yenye silabi tatu. Akiridhika nawe ndipo unapewa Panchadashi, ile ya silabi 15. Yenyewe ina mafungu matatu, silabi 5, kisha 6, kisha 4, na kila fungu linafungwa na silabi *hrim*. Sitaiandika hapa ingawa imejaa mtandaoni. Kwa mapokeo yetu, mantra isiyopokewa kutoka kinywani mwa guru haina uhai.

Ibada yenyewe inaingia mwilini. Kuna nyasa: unagusa vidole kimoja kimoja, kisha moyo, kichwa, utosi, mabega, macho, na kila mahali unaweka sehemu yake ya mantra, mpaka mwili wenyewe unakuwa mahali pa ibada. Halafu Sri Chakra. Pembetatu kubwa ni 9, nne zikielekea juu kwa Shiva, tano zikielekea chini kwa Shakti. Zinapokatana zinazaa ndogo 43, na katikati kabisa kuna nukta, bindu. Unaanzia kwenye mraba wa nje, unaingia ngazi moja baada ya nyingine, zote 9, ukiwataja kwa majina miungu wa kike wanaokaa kila ngazi. Unapofika kwenye bindu, anayeabudu na anayeabudiwa si wawili tena. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo bila kuipunguza.

Ikifanywa kamili inakula saa kadhaa. Mtu wa kazini hufanya fupi siku za wiki, na ndefu siku ya mwezi mpevu. Usiye na diksha, yaani kuingizwa rasmi na guru, walimu wengi wanakuruhusu kusoma Lalita Sahasranama, majina 1,000 ya Mama. Anza hapo. Na ukipata nafasi ya kusafiri, nenda Devipuram, Andhra Pradesh. Kuna hekalu lenye umbo la Sri Chakra, unapanda ngazi zake kwa miguu yako. Aliyelianzisha, Amritananda Natha Saraswati, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia.

Kijana_Majengo
Samahani wakuu, hizi Sri Vidya na Trika ni za tantra, na tantra si ndiyo ile ya ngono, na wengine huku wanaitangaza kwenye nguzo za umeme kurudisha mpenzi?

Mkaazi_Pune
Swali zuri, na bora limeulizwa. Wale wa kwenye nguzo hawahusiki na haya. Ngono ipo kwenye tantra, ila ni sehemu ndogo sana. Kuna mapokeo ya mkono wa kushoto yanayotumia vitu vitano: pombe, nyama, samaki, nafaka iliyokaangwa na kujamiiana. Yana masharti magumu, na hapewi kila mtu. Mkono wa kulia hubadilisha hivyo vitu kwa vingine, maziwa au maji ya dafu mahali pa pombe, au huvifanya ndani ya akili tu. Kularnava Tantra, ambayo yenyewe ni ya upande wa kushoto, inasema wazi kwamba kama kunywa pombe kungemkamilisha mtu, walevi wote wangekuwa wamekamilika.

Ila nisifiche: Kamakhya, kule Guwahati, Assam, mbuzi huchinjwa mpaka leo. Ni hekalu kubwa la Shakti, na kila Juni hufungwa siku tatu kwa sababu Mama yuko hedhini. Watu hufurika kusubiri lifunguliwe. Kwa aliyezoea kuona hedhi ikifichwa, kuiona ikiheshimiwa hadharani kama chanzo cha uhai ni jambo la kukaa nalo.

Mama_wa_Kisutu
Wanangu, msiidharau japa ya jina kwa sababu ni rahisi kuanza. Nimekaa miaka karibu na mahekalu ya Kisutu hapa Dar na nimewaona watu wanavyobadilika taratibu. Hare Krishna haisubiri diksha, haina tabaka. Walioshika kamili huzunguka shanga 108 mara 16 kila siku, yaani mantra 1,728, kama saa mbili hivi. Na wana masharti manne: hakuna nyama, samaki wala mayai, hakuna kilevi, hata chai na kahawa, hakuna kamari, hakuna zinaa. Mtu akiacha chai kwa ajili ya Mungu, mwanangu, hajacheza. Nairobi wana hekalu, na mwanzilishi wao Prabhupada alifika huko mwaka 1971.

Shanga shika hivi: zilale juu ya kidole cha kati, gumba lizivute kuelekea kwako, cha shahada kikae pembeni kisiguse. Ukifika shanga kubwa, meru, usiivuke. Geuza urudi ulikotoka.

Mpekuzi_Tanga
Shikamoo mama, na asante sana. Nyongeza: kuna mtu mtandaoni ananidai pesa nyingi anipe mantra "ya siri" itakayonikomboa ndani ya siku 40. Na je, mtu anaweza kufanya haya akabaki na dini yake?

Mkaazi_Pune
Achana naye leo hii. Angalia hesabu ya wenyewe. Purashcharana, kule kuikamilisha mantra, kwa kawaida ni marudio 100,000 kwa kila silabi. Gayatri, mantra maarufu ya Veda, ina silabi 24, kwa hiyo ni 2,400,000. Ukizunguka shanga mara 10 kwa siku, ambazo huhesabiwa 1,000 kwa kuacha zile nane za ziada kila mzunguko, utamaliza baada ya siku 2,400, zaidi ya miaka sita na nusu. Na bado kuna homa, sadaka ya moto. Anayekuahidi moksha kwa siku 40 hajafanya hata robo yake. Guru hupewa dakshina, ndiyo, ila hiyo ni shukrani ya mwanafunzi, haina risiti ya bei.

Kuhusu dini, mimi husema ukweli hata ukiuma. Hizi mantra si sauti tupu, ni Mungu kwa jina lake, na anayezirudia anamwita. Amua ukijua hivyo.

Pumzi_Muscat
Hapo Mkaazi umenena, ila mimi namwongezea mlango mmoja. Vijnana Bhairava Tantra, kitabu cha Trika ambamo Devi anauliza na Bhairava (Shiva) anajibu, ina njia 112 za taamuli, na nyingi hazina mantra wala sanamu. Swami Lakshmanjoo wa Srinagar, aliyefariki 1991, aliifundisha sana, na sauti yake ilirekodiwa.

Ya kwanza kabisa ni pumzi. Haigusi namna unavyovuta wala unavyotoa. Weka nadhari pale pumzi inapogeuka: imetoka yote, bado haijaanza kuingia, imeingia yote, bado haijaanza kutoka. Pale pana kituo kidogo. Usikilazimishe wala usibane pumzi, kione tu kikija, na ukae hapo bila kutafuta kitu. Kaka Mpekuzi, kwa kazi yako na umbali wako, ningeanza na hiyo alfajiri kabla ya simu, na jioni usome majina ya Mama kama dada Bindu alivyosema. Diksha itafutwe polepole, kwa mtu uliyemtazama jinsi anavyoishi na watu wa nyumbani kwake.

Binti_Bindu
Naafiki, ila akianza Sahasranama asiruke majina kwa haraka. Bora majina 100 yaliyotamkwa vizuri kuliko 1,000 ya kukimbizana na daladala. Kaka, nitumie ujumbe nikupe rekodi ya matamshi, usikilize kwanza.