Mbwa wangu ukimwita anakimbia, nimekosea wapi kumfundisha?

Mkazi wa Goba: Wakuu, habari za jioni. Nina German Shepherd dume, miezi saba. Nilimchukua akiwa na wiki tano ili anizoee mapema. Nikimwita anakimbilia nyuma ya banda, na kila anayeingia getini anamvaa. Mchana tunamfunga mnyororo, usiku tunamwachia. Nimefoka, nimechapa, wapi. Naombeni njia ya haraka, silali.

Ngosha Mfugaji: Wiki tano ulimwahisha mno, mkuu. Angekaa na mama yake hadi wiki ya nane. Pale wanapochezeana na nduguze ndipo anajifunza kung'ata kunauma, maana mwenzake akilia mchezo unaisha. Swali: akiitika, unamfanyaje?

Mkazi wa Goba: Simuonei. Juzi alitafuna kiatu asubuhi. Niliporudi kazini nikamwita, nikamwonyesha, nikampa fimbo mbili.

Ngosha Mfugaji: Hapo ndipo ulipoharibu. Kiatu cha asubuhi ameshakisahau. Anachojua ni kwamba ameitika na amepigwa. Anza upya: mwite, akija mpe dagaa papo hapo, hata kama umekasirika. Na nyumba nzima mtumie neno moja. Baba akisema "kaa", mama "keti", dada wa kazi "tulia", atamsikia nani?

Mama Wawili: Kwetu Moshi marehemu baba alikuwa na koko, hakufundishwa na mtu. Alimsindikiza mama sokoni na kumngoja mpaka auze ndizi zote. Nyie mnanunua mbwa wa gharama halafu mnamfunga mnyororo kutwa. Mnyama naye ana haki yake.

Kijana wa Mbagala: Uza, fuga bata. Bata ukimwita haji vilevile, ila unamla.

Dada wa Kigamboni: Kaka, hapo juu umeandika "anamvaa". Amemng'ata mtu?

Mkazi wa Goba: Amemparua tu. Mtoto wa jirani, miaka sita, Jumamosi, kwenye shavu la mguu. Damu kidogo, tukapaka spiriti. Nimeshaongea na baba yake, yameisha. Kesho mbwa anachukuliwa na mtu wa yadi ya malori Kibaha, kule ukali wake utafaa. Nataka tu aende akiwa anasikia.

Dada wa Kigamboni: Chanjo ya kichaa cha mbwa?

Mkazi wa Goba: Aliyeniuzia alisema tayari. Kadi hakunipa.

Dada wa Kigamboni: Chanjo hiyo kwa kawaida huanza miezi mitatu, wewe ulimchukua wa wiki tano. Mhesabu hajachanjwa. Kidonda kioshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali usiku huu aanze sindano. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na mbwa asitoke hapo, anatakiwa kuangaliwa siku 10. Akifia Kibaha utajuaje?

Sauti ya Kati: Hii ni chai. Ameanza na kiatu, mara mtoto, mara malori. Mzazi gani mwanawe ang'atwe na jibwa la hivyo aseme yameisha?

Kijana wa Mbagala: Chai ya tangawizi, leteni maandazi.

Mkazi wa Goba: Si chai. Huyo jirani ni shemeji yangu, mtoto ni wa dada yangu wa kuzaliwa. Geti niliacha wazi mimi. Dada hajui kama ni meno, tulimwambia ameanguka.

Dada wa Kigamboni: Achana na wanaobisha. Mpigie dada yako.

Ngosha Mfugaji: Na kesho mwite afisa mifugo wa kata aje amwone mbwa. Habari za kumfundisha tutarudi nazo baadaye, mimi nipo.

Mkazi wa Goba: Tuko njiani na dada. Amenilaumu sana, ana haki. Mguu tumeuosha bombani kwake, nimeshika saa mwenyewe. Mbwa yuko bandani, ufunguo ninao. Wa Kibaha nimemwambia asije.