Mrejesho: macho ya mtoto wangu njiti

Niliwauliza kama mwanangu, aliyezaliwa wiki ya 31 akiwa na kilo 1.4 na kuwekewa oksijeni, ana haja ya kupimwa macho ilhali aonekana mzima. Jana tulivuka feri ya Likoni alfajiri, tukaenda hospitali ya serikali. Alitiwa matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha daktari akamshikilia kope kwa kijichuma na kumulika ndani. Alilia, mamake nikalia zaidi. Mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) bado haijakomaa, lakini hakuna ugonjwa. Turudi baada ya wiki 2. Kilichoniudhi: siku ya kuruhusiwa hakuna aliyenitajia kipimo hiki, na kinatakiwa yapata wiki 4 baada ya kuzaliwa! Dada uliyeniambia nisimnyonyeshe karibu na kupimwa, ahsante, hakutapika.