Tupeane uzoefu: siku uliyoacha kuiamini taarifa ya habari

Kijana wa Ngamiani (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Sitaki tubishane chama gani kibaya wala nchi gani imeonewa, hiyo tumeshaimaliza mara elfu. Nataka kila mtu aseme siku yake: ulikuwa wapi, ulikuwa unasikiliza nini, na kitu gani kilikatika.

Yangu ni Aprili 2003, Tanga. Nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, makazi yangu kijiweni kwenye kahawa na bao. Jirani ana dishi, ikifika usiku anatoa televisheni barazani. Vita vya Iraq vilipoanza Machi 20 wote tuligeuka majenerali. Muuza kahawa alichora mto Tigris ukutani kwa mkaa, na ole wako uuegemee.

Wamarekani hatukuwaamini tangu mwanzo. Februari 5 Colin Powell alikaa Baraza la Usalama na kichupa mkononi akieleza habari za kimeta, na silaha zenyewe hazikupatikana. Mwaka uliofuata New York Times likawaandikia wasomaji wake kukiri kwamba baadhi ya habari lilizochapisha kuhusu silaha hizo hazikuchunguzwa vya kutosha. Huko sina cha kusimulia, sikudanganyika.

Aliyenidanganya ni yule niliyempenda. Mnamkumbuka al-Sahhaf, waziri wa habari wa Iraq? Bereti nyeusi, sare ya kijani, ulimi wa asali. Vifaru vya Marekani vimeshaingia Baghdad, yeye anawaambia waandishi hakuna hata kimoja. Nikawa nabeba maneno yake usiku, asubuhi nayamwaga soko la Mgandini. Nimebishana na watu wazima. Mjomba wangu aliposema mji unaanguka nilimwita kibaraka mbele za watu. Mjomba aliyenilipia ada miaka minne!

Aprili 9 sanamu la Saddam likaangushwa. Barazani kimya, hata komwe za bao hazikugongana. Nilikwenda kulala bila kuaga.

Kilichonimaliza nilikijua miaka baadaye. Ule uwanja wa Firdos uko mbele ya hoteli ya Palestine, walikofikia waandishi wa kigeni. Siku moja kabla, kifaru cha Marekani kiliipiga hoteli hiyohiyo na wapiga picha wawili wakauawa. Kesho yake kamera zilizobaki zikatazama chini, na sanamu likavutwa na gari la wanamaji wa Marekani. Kwenye runinga tuliona umati. Picha zilizopigwa kwa mbali zinaonyesha uwanja una nafasi tele, ungeweza kuchezea mpira. Kumbe siku ile nilikuwa nimetoka kupigwa changa la macho na mmoja, papo hapo nikapigwa na wa pili.

Mjomba alifariki 2011. Tulikuwa tunasalimiana, lakini lile neno sikuwahi kulirudia nikaomba radhi. Haya, tiririkeni.

Mpiga Debe Mstaafu

Mimi fupi. Nilihudhuria mkutano wa kampeni, hatukuzidi watu mia tatu na kati yetu mia wameletwa na lori. Kesho yake gazetini: maelfu wafurika. Picha ilikatwa ikabaki mistari minne ya mbele. Na mimi nimo, nimecheka!

Msahihishaji

Mkuu wa Ngamiani, wewe ulikuwa unakula, mimi nilikuwa jikoni.

Nilikaa chumba cha habari miaka sita, jina la gazeti nitalimeza. Habari za kimataifa zilikuwa mimi, kompyuta moja na kamusi isiyo na jalada. Kazi yangu ni kuchukua habari za mashirika makubwa ya nje na kuzitia Kiswahili kabla ya saa kumi jioni. Mtu akisikia hivyo anadhani ni kazi ya lugha. Habari inafika ikiwa imeshachagua upande. Huyu amekuja akiitwa gaidi, yule amekuja akiitwa mpiganaji, na asiyeeleweka ni mwanamgambo. Wewe unabadilisha lugha tu, hukumu imeshatoka.

Neno lililonishinda ni "wamepoteza maisha". Bomu limeangukia soko, watu arobaini wamepoteza maisha, kama vile maisha yalidondoka mfukoni wakiwa wanapanda daladala. Siku moja nikaandika "wameuawa". Mhariri akaniita: nani kawaua? Nikamwambia habari haikusema. Akasema, basi rudisha. Kwa taratibu za kazi alikuwa na haki, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Jioni ile mama, ambaye alikuwa akisoma kila ninachoandika, akavua miwani akaniuliza, "Masikini, arobaini wote hao! Kwa maradhi gani?"

Sikuwa na jibu, na sikuandika neno lile tena, ila usidhani nilipigana na mtu. Niliomba nihamishiwe michezo.

Na kwa kuwa tumeamua kusema kweli: bahasha nilichukua. Kwenye mikutano na waandishi unasaini daftari, unapewa "nauli". Hakuna anayekwambia uandike nini, hiyo si tabia ya kistaarabu. Wewe mwenyewe ukifika kwenye kompyuta unajikuta huna haraka ya kuandika lile swali ambalo mheshimiwa alilikwepa.

Binti Temeke

Heshima yako Msahihishaji, angalau umesema.

Mimi siku yangu ni mbili. Ya kwanza Septemba 15, 2007, viwanja vya Mwembeyanga, nimepanda begani kwa kaka yangu, Dk. Slaa wa CHADEMA, chama cha upinzani, anasoma ile orodha ya majina kumi na moja ya watuhumiwa wa ufisadi. Wengi mnaikumbuka. Nilikuwa sekondari, nikakata ukurasa wa gazeti nikaubandika nyuma ya mlango. Jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa wakati ule, lilikuwemo.

Ya pili ni 2015. Julai Lowassa akahamia CHADEMA, akawa mgombea urais wa UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, na wale wale waliotufundisha kulitamka jina lile kwa hasira wakatufundisha kuliimba. Mabadiliko Lowassa, Lowassa mabadiliko! Septemba Dk. Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Mungu amrehemu, alifariki Februari 2024.

Wasije watu hapa na mapovu. Zile zilikuwa tuhuma, hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na sina ugomvi na marehemu. Ugomvi wangu ni na magazeti. Mwandishi mmoja, ambaye nilikuwa namfuata kama mkia, 2008 aliandika makala ya kumzika, 2015 akaandika ya kumfufua, na hakutumia hata mstari mmoja kutuambia alichogundua katikati. Nikaenda kubandua ule ukurasa mlangoni. Gundi imekauka, limebaki nusu. Lipo mpaka sasa.

Kilichofuata mnakijua, wapinzani kuhamia CCM wakidai wanaunga mkono juhudi. Nilishachoka, sikushangaa hata mmoja.

Uasin77

Salamu kutoka Eldoret. Hapa kwetu tunaiita "tulichezwa".

Desemba 30, 2007. Tumekaa siku tatu tukisikiliza hesabu za kura jimbo kwa jimbo, baba ameandika zote kwenye daftari la mtoto la hesabu. Jioni mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Kivuitu, akatangaza matokeo akiwa na kamera za KBC, kituo cha serikali, peke yake, na kabla giza halijaingia vizuri Kibaki ameshaapishwa Ikulu. Halafu serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nje nasikia mayowe na naona moshi kwa macho yangu, redio inapiga rhumba. Januari mosi likachomwa kanisa la Kiambaa, watu ndani. Huko si mbali na sisi. Siku moja baadaye Kivuitu akasema hajui kama Kibaki alishinda. Baba alifunga daftari akalirudisha kwa mtoto aendelee na hesabu za shule.

Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu waliouawa 1,133. Jirani yetu wa mlango wa pili alihama usiku, mkewe na mama yangu walikuwa wakikopeshana unga. Hawajaongea hadi leo.

Sasa sikieni utamu. Mwaka 2007 Uhuru alikuwa kwa Kibaki, Ruto kwa Raila. Ukafika 2013, Uhuru na Ruto mashati yanafanana, tai nyekundu, wanashikana mikono juu. Machi 9, 2018, Uhuru na Raila wakasalimiana pale Harambee House. Julai 2024, vijana wamekufa barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, watu wa Raila wakaingia kwa baraza la mawaziri la Ruto. Hakuna wawili kati yao ambao hawajakumbatiana. Mama yangu na mama wa jirani ndio peke yao wanaotekeleza ule uadui.

Na vyombo vya habari? Baada ya 2007 waliogopa, wakahamia kwa amani. Uchaguzi wa 2013 ilikuwa amani asubuhi, amani jioni, ukiuliza kuhusu mashine za kura zilizokufa unaonekana unataka kuchoma nchi. Binafsi naelewa uoga wao. Lakini ukishamzoesha mtu kunyamaza kwa sababu nzuri, atanyamaza pia kwa sababu mbaya.

Simu Mbili

Ndio maana mimi siku hizi sisomi gazeti wala siangalii runinga. Magrupu ya WhatsApp yananitosha, huko unapata ukweli mbichi.

Mpiga Debe Mstaafu

@Simu Mbili mkuu, umeruka mkojo umekanyaga mavi. Mwaka jana uliturushia video ya vita, kumbe ni mchezo wa kompyuta. Tuliona mpaka kitufe cha kuongeza risasi.

Simu Mbili

Ile nilitumiwa.

Mtoto wa Volkano

Bandugu, muniwie radhi, Kiswahili changu ni kile cha Kivu. Naandika toka Goma.

Mimi sikuwa msomaji wala msikilizaji. Mimi nilikuwa natembeza waandishi wa kigeni: natafuta gari, natafuta ruhusa, natafsiri. Waasi wa M23 walipoingia Goma Novemba 2012 wazungu walijaa hoteli zote za karibu na ziwa. Kwa siku nilikuwa napata pesa ya mwezi, sitadanganya. Waasi walikaa siku kumi na kidogo, wakatoka, na wazungu nao wakatoka.

Siku yangu ilikuwa katika kambi ya Mugunga. Kuna mama alituelezea mambo yake muda mrefu, kwa utulivu, bila chozi. Alieleza nani alichukua shamba, mwaka gani, chifu gani alisaini, mtoto wa nani aliingia jeshi lipi kisha akavuka lingine. Ilikuwa darasa la historia ya Masisi nzima. Mwandishi akaangalia saa. Akaniuliza taratibu kama hakuna mwingine, mwenye kulia. Nikageuka nikamtafuta. Nilijua pa kumpata, maana wiki ile nilikuwa nimeshamleta kwa watu wawili.

Habari ilipotoka tulikuwa "wakimbizi wa vita vya madini". Madini yapo, nani atakataa? Lakini yule mama hakutaja madini hata mara moja. Alitaja shamba.

Januari 2025 M23 wamerudi, safari hii wamebaki. Juni mwaka ule tukasikia redioni kwamba Kongo na Rwanda wamesaini amani Washington. Tukasikia vizuri. Benki zilikuwa zimefungwa tangu Januari, uwanja wa ndege umefungwa, mtu akitaka pesa yake anavuka mpaka kwenda Gisenyi. Rafiki mmoja wa Ulaya akaniandikia kunipongeza kwa amani. Nikamjibu asante, ningemwambia nini?

Msahihishaji

Ndugu wa Goma, kuna uwezekano mkubwa habari yako ya 2012 nimeitafsiri mimi. "Vita vya madini" naikumbuka, nilifurahi kwa sababu ilienea vizuri kwenye kichwa cha habari.

Mtoto wa Volkano

Basi tumekutana. Si kitu, kaka.

Mzee wa Kyaka

Vijana, mimi nimewasoma tu. Nina neno dogo.

Nilikuwa mwanafunzi Bukoba mwaka 1978 Amin alipoingia. Redio Tanzania haikutudanganya kwamba tumevamiwa, daraja la Kyaka lilivunjwa kweli, ng'ombe walichukuliwa kweli. Mwalimu aliposema uwezo, sababu na nia, tuliitika na sijutii. Aprili 11, 1979, Kampala ikatekwa, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Kwangu kilichokatika ni baada ya hapo. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Nikahesabu. Mwezi wa kumi na nane ukapita kama basi lisilosimama kituoni, na redio haikuutaja kabisa, wakati foleni ya duka la RTC, lile la serikali, ilikuwa inazunguka jengo. Tukala unga wa yanga, tukaoga kwa majani ya mpapai. Hakuna aliyesema uongo, walinyamaza tu, na mimi nikajifunza kusikiliza kile ambacho redio haisomi. Mpaka leo naisikiliza. Msije mkadhani nimeacha.

Binti Temeke

Shikamoo mzee. Mtoa mada, naomba kuuliza, baba yako alikuwa upande gani ile 2003? Umemtaja mjomba tu.

Kijana wa Ngamiani (mtoa mada)

Mzee wangu hakuwa na habari na dishi, yeye ni redio ya betri mbili kubwa, sikioni asubuhi na usiku. Naye alikuwa mtu wa Sahhaf, tena kunizidi. Ile jioni ya Aprili 9 nimerudi nimenywea, namkuta anagongagonga redio kwa kiganja. Nikamwambia baba, Baghdad imekwisha. Akasema hapana, betri ndizo zimekwisha, ndiyo maana Sahhaf hasikiki.

Asubuhi alizianika juani, juu ya bati la choo, akakaa kuzilinda zisichukuliwe na watoto.